Mkalimani wa Sauti

Katika mijadala ya fasihi simulizi, wataalamu wamezoea kuzungumzia pande mbili: fanani kwa upande mmoja na hadhira kwa upande wa pili. Fanani huchunguzwa sauti yake, ishara zake na ubunifu wake. Hadhira nayo huchunguzwa mwitikio wake. Kilicho baina yao hutajwa kwa nadra. Hata hivyo, tangu kazi ya kukusanya nyimbo, ngano na tenzi ihamie kwenye tarakilishi, baina ya kinywa cha fanani na sikio la hadhira ya mbali pamekaa mtu wa tatu. Mtu huyo haonekani, hana sauti yake mwenyewe, na jina lake hujulikana tu siku anapokataa kazi. Huyo ndiye kiendeshi cha kadi ya sauti.

Kadi ya sauti ni kifaa kinachopokea umeme dhaifu kutoka kwenye maikrofoni na kuugeuza kuwa tarakimu, kisha wakati wa kusikiliza kikazigeuza tarakimu hizo kuwa umeme wa kutikisa spika. Kwa kiwango kilichozoewa katika santuri za CD, kadi hupima sauti mara 44,100 kwa kila sekunde moja. Kila kipimo huitwa sampuli. Sasa, aghalabu kadi hutengenezwa na kampuni moja, mfumo endeshi wa tarakilishi na kampuni nyingine, na programu ya kurekodia na kampuni ya tatu. Hawa watatu hawasemi lugha moja. Kiendeshi ni programu ndogo inayokaa baina yao, ikipokea amri za huyu na kuzifasiri kwa yule, bila kupumzika, maelfu ya mara kwa sekunde.

Mafundi wengi husema draiva tu. Waandishi wa vitabu husema kiendeshi, neno ambalo wengine hulitumia pia kwa chombo cha kuhifadhia data, na kwa hiyo humtatiza mwanafunzi. Maneno yote mawili yamebeba taswira ya dereva aliyeshika usukani, ilhali kazi yenyewe ni ya mkalimani. Tofauti hii si ya mapambo. Dereva akikosea, gari huacha njia na kila abiria akajua. Mkalimani akikosea, mazungumzo huendelea, na kila upande hudhani kuwa ni mwenzake asiyejua kusema. Ndiyo maana mtu mwenye kiendeshi kibovu hununua maikrofoni mpya, akabadilisha spika, akamlaumu mwimbaji kuwa sauti imemkauka, na ugonjwa ukabaki palepale ulipokuwa.

Historia ya wakalimani hawa si ndefu. Mwaka 1928 Siti binti Saad alilazimika kuvuka bahari hadi Bombay ili sauti yake inaswe kwenye santuri. Mitambo ya wakati ule haikuhitaji kiendeshi, kwani sindano ilichonga mtetemo moja kwa moja. Kadi ya Sound Blaster ilipotoka mwaka 1989, tarakilishi ya kawaida ilipata koo, lakini mwenye kuitumia alipaswa kuipangia mwenyewe nambari ya mlango wa kuingilia kwa prosesa. Nambari 7, iliyokuwa ya kadi hiyo, ndiyo pia iliyotumiwa na printa, na wawili hao waligombana. Windows 95 ilileta utaratibu wa vifaa kujitambulisha vyenyewe, nayo ikapunguza ugomvi pasipo kuumaliza. Mwaka 1997 kampuni ya Steinberg ya Ujerumani ilitoa utaratibu wa ASIO, unaoiwezesha programu ya muziki kuzungumza na kadi kwa njia ya mkato bila kupitia mikono mingi ya mfumo endeshi. Na Windows Vista ilipouzwa kwa umma mwaka 2007, njia yote ya sauti ndani ya mfumo ilikuwa imejengwa upya, hata viendeshi vingi vya zamani vikawa kama wakalimani waliohamishiwa nchi ya ugenini. Kadi ambazo hazikuandikiwa kiendeshi kipya zilikaa kimya ingawa vyuma vyake vilikuwa vizima.

Hayo ni ya jumla. Yafuatayo ni ya chumba kimoja huko Kisauni, Mombasa, ambamo binti mmoja, mhitimu wa Kiswahili na muziki, amefungua studio ndogo. Ukuta umebandikwa magodoro membamba ya kumeza mwangwi. Mezani pana tarakilishi iliyonunuliwa ikiwa kuukuu, pamoja na kadi ya sauti ya nje yenye matundu mawili ya maikrofoni, iliyounganishwa kwa kebo ya USB. Katika studio hiyo waliingia kina mama watatu wa makamo na bibi mmoja mzee, ili kurekodi nyimbo za vugo. Vugo ni ngoma ya wanawake wa pwani, ichezwayo hasa arusini, ambamo pembe za nyati hupigwa kwa vijiti na sauti za waimbaji zikapokezana juu yake. Kwa kuwa baadhi ya nyimbo hizo ni za faragha ya wanawake, wale kina mama walikuwa wamekataa kwenda kwenye studio za vijana wa kiume. Mwandani wa yule bibi, aliyeongoza wimbo mmoja, alikuwa amekuja kutoka Pate kwa siku mbili tu.

Walirekodi alasiri nzima. Siku ya pili yake, mwandani akiwa tayari safarini kurejea kisiwani, binti alimwalika bibi asikilize.

"Shikamoo, Bibi. Hebu sikiliza, uniambie kama imetoka sawa."

"Marahaba, mwanangu."

Bibi alivaa hedifoni, akafumba macho, akawa anaufuatisha mdundo kwa kidole. Kabla ubeti wa pili haujesha, kidole kilisimama.

"Hiyo si pembe," akasema. "Pembe yangu ni hii na hii. Hiyo ya katikati ni kama ukuni uliovunjika. Tena hapo pana neno limeliwa."

Binti hakuwa amelisikia. Hapo ndipo ulipokuwa ugumu wa kadhia hii. Kiendeshi kinapokosa kufikisha sampuli kwa wakati, hutokea pengo dogo, na sikio hulisikia pengo hilo kama mlio mkavu, ta! Katika wimbo wa gitaa au wa kinanda mlio huo hujitangaza. Katika vugo hujificha, maana pembe nayo hutoa mlio mkavu, mfupi na wenye makali. Aliyeweza kuzitenganisha milio hiyo ni mtu aliyeipiga pembe tangu usichana wake. Jungu kuu halikosi ukoko.

Zipo programu za kusafisha sauti ambazo huwinda milio ya namna hiyo na kuifuta. Binti alikuwa nayo moja. Aliijaribu kwenye nakala ya faili, akaona inavyofanya kazi: ilifuta mikwaruzo, na pamoja nayo ikazipunguza makali pembe zenyewe, kwa kuwa kwa programu ile kila mlio mkavu ni uchafu. Vugo likabaki kama ngoma inayopigwa chini ya blanketi. Isitoshe, neno lililoliwa halikurudi. Jambo hili linafaa kusisitizwa kwa kila anayekusudia kwenda nyanjani na kinasa sauti: pengo la kiendeshi si kelele iliyofunika sauti, bali ni sauti ambayo haikunaswa kabisa. Kelele huweza kupunguzwa, kisichonaswa hakifufuliwi. Basi njia ilikuwa moja tu, yaani kuutafuta ugonjwa wenyewe kabla ya kumwomba bibi aimbe tena, kwa kuwa mtu wa umri wake haombwi kuimba mara kumi.

Binti alichukua daftari. Akaandika juu ya ukurasa kanuni moja: badilisha kitu kimoja, pima, andika, ndipo ubadilishe kingine. Kanuni hii huonekana ya kitoto mpaka mtu aivunje. Mwenye kubadilisha kebo, kiendeshi na mipangilio kwa mkupuo mmoja huenda akapona asijue alichoponea, na ugonjwa ukirudi ataanza upya gizani.

Swali la kwanza lilikuwa hili: je, mikwaruzo imo ndani ya faili au hutokea wakati wa kusikiliza? Alilihamisha faili kwenye simu akalisikiliza huko. Mikwaruzo ilikuwepo, mahali palepale. Kumbe kosa lilifanyika wakati wa kurekodi. Lau ingetoweka, angejua kwamba nyimbo ni salama na kwamba hitilafu iko upande wa kutolea sauti pekee. Swali hilo moja, lisilochukua hata dakika tano, lilifunga nusu ya njia za upotevu.

Pili, alihitaji kipimo kisichomtegemea mwimbaji. Akatumia programu kutoa mlio mmoja usiobadilika, akauingiza kwenye kadi kwa kebo, akaurekodi kwa dakika kumi. Mlio wa namna hiyo ukichorwa kwenye skrini huwa ni wimbi laini linalojirudia, na pengo lolote huonekana kama jino lililong'oka. Katika dakika hizo kumi aliyahesabu mapengo mengi. Sasa alikuwa na nambari ya kulinganisha.

Tatu, alichunguza njia ya kebo. Kadi ilikuwa imechomekwa kwenye soketi ya mbele, pamoja na kigawanyio kilichobeba kibodi na kipanya. Akaihamishia soketi ya nyuma, iliyo kwenye ubao mkuu wenyewe, pasipo kigawanyio. Akarekodi tena dakika kumi. Hesabu ilibaki karibu ile ile. Akaandika: si kebo, si soketi.

Nne, alifungua orodha ya vifaa ndani ya mfumo endeshi. Watu wengi huishia kutafuta ile alama ya manjano ya kuonya, na wasipoiona husema kila kitu ki shwari. Alama haikuwepo. Lakini aliposoma maelezo ya kiendeshi aliona kwamba jina la mtoaji halikuwa la kampuni iliyotengeneza kadi. Mfumo ulikuwa umejisasisha wenyewe siku chache nyuma na kuweka kiendeshi cha jumla mahali pa kile mahususi. Kiendeshi cha jumla ni kama mkalimani ajuaye salamu na bei ya ndizi: atakufikisha sokoni, lakini usimpeleke mahakamani. Kadi ilitoa sauti, na ndiyo sababu hakuna aliyeshuku.

Tiba ya hapo ina utaratibu wake, na utaratibu ndio tiba. Alichomoa kadi. Akaondoa kiendeshi pamoja na faili zake, si jina lake tu. Akaizima na kuiwasha tarakilishi. Akasakinisha kiendeshi cha mtengenezaji kinacholingana na toleo la mfumo wake, wa biti 64, huku kadi ikiwa bado imechomolewa. Kisha akaichomeka pale tu programu ya usakinishaji ilipomwelekeza. Mwenye kuchomeka kadi kwanza huupa mfumo nafasi ya kumwajiri tena mkalimani wa jumla. Mwisho, ndani ya programu ya kurekodia, alichagua njia ya ASIO ya kadi ile badala ya njia ya jumla. Dakika kumi tena. Mapengo yalipungua sana, lakini hayakwisha.

Hapa ndipo wengi hukata tamaa au hutangaza ushindi. Binti aliendelea hadi hatua ya tano, yaani bafa. Bafa ni ghala dogo la sampuli. Wakati wa kurekodi, kadi hulijaza, prosesa naye hulimaliza. Likijaa kabla ya kumalizwa, pengo hutokea. Ghala lake lilikuwa la sampuli 128, ambazo kwa kiwango cha 44,100 ni takribani milisekunde 2.9 tu. Alipoliongeza hadi sampuli 512, yaani takribani milisekunde 11.6, mapengo yalibaki machache mno. Ila kila ongezeko la ghala lina gharama. Mwimbaji anayejisikiliza kwa hedifoni kupitia programu hupata sauti yake ikiwa imechelewa, kwani sauti hungoja ghala la kuingilia kisha la kutokea. Kwa anayepiga pembe, ucheleweshaji huo huuvuruga mkono. Kuongeza bafa kulikuwa kumpa mgonjwa dawa ya kutuliza maumivu. Kulionyesha wazi kwamba kuna kitu kinachomzuia prosesa asifike ghalani kwa wakati, lakini hakikutajwa ni kipi.

Kikulacho ki nguoni mwako. Hatua ya sita ilikuwa kutumia programu ya kupima ni kiendeshi kipi, kati ya vyote vilivyomo katika tarakilishi, kinachomshikilia prosesa kwa muda mrefu. Maana prosesa ni kama mwenyekiti wa baraza: kila kiendeshi huomba dakika yake, husema, kisha humpisha mwenzake. Kimoja kikikataa kuketi, vingine vyote hungoja. Vifaa vingi vinaweza kungoja bila mtu kujua. Faili likichelewa kufunguka kwa milisekunde tano hakuna atakayelalamika. Sauti haingoji. Kipimo kilionyesha kwamba aliyekuwa akishikilia baraza ni kiendeshi cha mtandao usiotumia waya, kifaa ambacho hakina uhusiano wowote na muziki. Kila kilipotafuta mawimbi, kilimshika prosesa kupita zile milisekunde 2.9, na vugo likang'oka jino.

Binti alikizima kifaa hicho na kurudisha bafa kuwa 128. Dakika kumi: hakuna pengo hata moja. Hakutosheka. Alikiwasha tena, na mapengo yakarudi, akakizima, yakatoweka. Mara hii alikuwa na haki ya kuandika neno sababu katika daftari lake, kwa kuwa kinacholeta ugonjwa kikiwekwa na kuuondoa kikiondolewa si dhana tena. Baadaye alikisasisha kiendeshi cha mtandao, akazima pia utaratibu wa kuokoa umeme unaolaza soketi za USB, lakini akashika desturi ya kutowasha mtandao wakati wa kurekodi.

Lilibaki jambo moja la kuhakikisha, nalo ni kiwango cha sampuli. Muziki wa CD hutumia 44,100 kwa sekunde, na kazi za video aghalabu hutumia 48,000. Kadi ikirekodi kwa kiwango cha kwanza na programu ikacheza kwa cha pili bila kubadilisha hesabu, wimbo wa dakika 10 humalizika kwa dakika 9 na sekunde 11 hivi, na sauti hupanda kwa karibu nusutoni moja na nusu. Hatari yake kwa mtafiti ni kwamba hakuna mkwaruzo wowote utakaomzindua. Sauti itakuwa safi, ila itakuwa ya mtu mwengine: bibi wa miaka themanini ataimba kama mwanamke wa makamo, na mtafiti ataandika sura nzima juu ya mwendo wa kasi wa utendaji wake. Binti alihakikisha kwamba kadi, mfumo na programu vyote vinataja nambari moja.

Bibi aliimba tena, mara moja tu, na alipovaa hedifoni kidole chake hakikusimama. Lakini ule wimbo ulioongozwa na mwandani wake wa Pate haukuweza kurekodiwa upya. Uko hivyo ulivyo, na mapengo yake. Binti hakuupaka dawa ya kufuta mikwaruzo. Aliuhifadhi bila kuugusa, na pamoja nao akaweka karatasi inayoeleza kila pengo liko dakika ya ngapi na lilitokana na nini, pamoja na maneno yaliyoliwa kadiri bibi alivyoyakumbuka, yakiwa yametengwa kwa alama ili msomaji wa kesho asiyadhani kuwa ni ya mwongozaji mwenyewe.

Kwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, kisa hiki si cha mafundi peke yao. Usaidizi wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na vyumba vingi vya kurekodia vyenye tarakilishi kuukuu vimo katika kuhamia mfumo mwingine. Zipo kadi ambazo mtengenezaji hataziandikia kiendeshi kipya. Zipo nyingine, zinazofuata kanuni ya pamoja ya vifaa vya sauti vya USB, ambazo zitaendelea kutumika hata kwenye Linux bila kumngoja mtengenezaji. Idara inayonunua vifaa vya utafiti inapaswa kuuliza swali hilo kabla ya kuuliza bei. Kadhalika, anayekwenda nyanjani anapaswa kurekodi dakika kumi za mlio mmoja kabla ya kumketisha mzee mbele ya maikrofoni, kama vile mpishi anavyoonja chumvi kabla ya wageni kufika.

Zaidi ya hayo, kuna fundisho la kiusomi. Fasihi simulizi inapohifadhiwa, kile kinachofundishwa darasani kama sauti ya fanani huwa kimepita katika mikono ya mkalimani asiyetajwa. Akifanya kazi yake vyema, hakuna sababu ya kumtaja. Akikosea, hakosei kwa kunyamaza, bali kwa kuacha neno hapa na pigo pale, na kosa lake likaandikwa kwa jina la fanani. Anayejua hilo atamsikiliza mwenye pembe kwanza anaposema kwamba pigo fulani si lake, ndipo aifungue orodha ya vifaa.